Vikorombwezo Vipungue, Picha Ionekane: Maswali Yenu Kuhusu Albamu za Kidijitali

Msimu wa kipaimara na send-off ukipita, wengi huniandikia jambo lile lile: picha zipo, programu ipo, ukurasa umepangwa, lakini haupendezi na mwenyewe hajui kwa nini. Leo najibu maswali ya kurasa za kumbukumbu tu, zile mnazozipanga kwenye simu au kompyuta kwa picha na maelezo, kisha mkazichapisha au mkazituma kwa ndugu. Mengi yametoka Moshi, machache Arusha.

Nimepakua mapambo ya bure hadi simu imejaa: maua, utepe, vipepeo, fremu za dhahabu. Nikimaliza ukurasa naona umechafuka, nikiondoa kitu naona umepwaya. Nianzie wapi? – Mama mapacha, Soweto, Moshi

Anza kwa kuficha, usifute. Programu nyingi za picha, kuanzia GIMP ambayo ni ya bure hadi Photoshop, hupanga vitu kwa matabaka, na kila tabaka lina alama ya jicho ya kulizima na kuliwasha. Zima mapambo yote ubaki na picha na maneno. Halafu washa moja moja, na kila mara ujiulize: hili limesema nini ambacho picha haikusema? Vipepeo kwenye ubatizo wa mapacha vinasema nini? Kama jibu lako ni "vinapendeza tu", vizime.

Sasa fungua kabati, toa kanga yoyote uitandaze kitandani. Pindo limezunguka pande zote nne, mji uko katikati, na jina ni ule mstari mmoja wa maneno. Sehemu tatu, basi. Mji unaweza kuwa na korosho kubwa za rangi kali kabisa, lakini pindo halivamii mji, na hujawahi kuona kanga moja yenye methali nne. Kanga ilianza pwani karne ya 19 bila maandishi. Maneno yalikuja baadaye, na yalipokuja yalipewa sehemu yao yakakaa hapo. Ukurasa wako uufanye hivyo. Nafasi tupu ya pembeni ndiyo pindo, picha ndiyo mji, maelezo ndiyo jina. Ukurasa ukiwa wa inchi 8 kwa 8, acha inchi moja tupu kila upande. Mwanzoni mkono utakuwasha, utatamani uweke japo kaua kamoja kwenye kona. Usiweke.

Kuhusu kupwaya: mara nyingi kinachopwaya ni picha yenyewe, kwa sababu uliibana ili mapambo yapate pa kukaa. Ukiondoa maua ukaiacha picha na udogo wake ule ule, lazima ukurasa uonekane umeibiwa. Ikuze ijaze mji.

Shikamoo dada. Mpiga picha amenipa picha zaidi ya 600 za send-off yangu. Nataka albamu ya kurasa 20, ya kawaida tu. Mama anataka kila shangazi aonekane. – Bibi harusi mtarajiwa, Njiro, Arusha

Marahaba, na hongera. Usibishane na mama, mpe kurasa zake. Tenga kurasa mbili za ukoo: picha ndogo zenye ukubwa mmoja, zimepangwa kwa mistari iliyonyooka, nafasi sawa katikati, majina chini. Mashangazi wote wamo, na hakuna atakayepima nani kawekwa mkubwa kuliko nani. Kurasa 18 zilizobaki ni zako.

Hizo zipe tukio moja kila mbili, ukurasa wa picha na ukurasa wa maneno. Chukua ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchomwa. Najua unazo picha 30 za ndafu: imesimama mezani na majani mdomoni, imezungukwa na simu za watu, MC ameshika maiki, kisu kimeinuliwa. Hizo picha kila aliyefanya send-off mkoani Arusha na Kilimanjaro anazo. Tafuta ile ambayo kipande kiko katikati ya vidole vyako na mdomo wa mama mkwe, mmeinama wote wawili, na mkono wako wa pili umekingwa chini mafuta yasidondokee gauni. Hiyo hana mtu mwingine. Ikate hadi zibaki nyuso mbili na mikono, vitambaa vya ukumbi viende. Ukurasa wa pili andika nani, wapi, lini, na kile alichokuambia mama mkwe wakati anatafuna, kama kinaandikika.

Kuchagua usifanye siku moja. Mzunguko wa kwanza ondoa zilizotikisika na waliofumba macho. Siku nyingine, katika zilizobaki, acha zile ambazo mtu anafanya kitu na uondoe ambazo watu wamepanga mstari wanamtazama mpiga picha. Za mstari zitakufaa kwenye kurasa za mama.

Ukumbini waliweka taa za zambarau. Nyuso zote zimekuwa buluu na nguo hazijulikani rangi. – Msomaji, Majengo, Moshi

Zigeuze nyeusi na nyeupe, zote za usiku ule bila kubagua. Snapseed inafanya hivyo bure kwenye simu. Usichanganye: moja ya zambarau, moja umeilazimisha irudi rangi ya ngozi, moja nyeusi na nyeupe, ukurasa mmoja. Zile za mchana nje ya kanisa ziache na rangi zake. Ukitaka rangi kwenye maandishi ichukue kutoka humo humo kwenye picha, tuseme kwenye kitenge cha akina mama, kwa kile kitufe cha kunasa rangi ambacho programu nyingi zinacho, na uitumie hiyo hiyo albamu nzima. Nyeupe, kijivu cha mkaa, na rangi moja. Mtu akiona kurasa zako za mwaka huu na za mwaka kesho atajua ni mkono wako kwa sababu umerudia, na huko kurudia ndiko mnakokuita staili.

Kwetu Rau mlima unaonekana vizuri sana, basi huwa nauweka nyuma ya kila ukurasa nikiufifisha kidogo. Ni kosa?

Ni kosa, ndiyo, na wanamoshi tunalifanya mno. Theluji, mawe, mabonde na mawingu, juu yake unaandika. Herufi moja inaangukia kwenye nyeupe, inayofuata kwenye nyeusi, hakuna anayesoma. Ukiufifisha zaidi unakuwa moshi tu. Kilimanjaro haistahili kuwa karatasi ya ukutani.

Upe ukurasa wake. Mwenyeji unajua saa zake: saa moja asubuhi Kibo iko wazi, saa nne umeshajifunika, jioni ukipenda unachungulia tena. Piga asubuhi, mlima uwe theluthi ya chini ya picha, juu yote iwe anga. Anga hiyo ni nafasi tupu ya bure, maneno yako yatakaa hapo yakisomeka vizuri. Na usiandike mita 5,895, kila mtu anazijua. Andika ni nani katika familia yenu aliyeupanda, au nani ameishi chini yake maisha yote na akiulizwa anasema, "Nikafuate nini huko kwenye baridi?"

Sina kompyuta, nina simu. Na nitumie maandishi gani? – Mwanafunzi wa chuo, Moshi

Simu inatosha. Kwenye Canva fungua ukurasa wenye vipimo vyako mwenyewe, pikseli 2400 kwa 2400. Ukichapishwa kwa nukta 300 kwa inchi utapata inchi 8 kwa 8. Achana na violezo vyao. Tengeneza kimoja chako, ukingo mtupu, mahali pa picha, mahali pa maneno, kisha kila ukurasa mpya ukinakili kutoka hapo. Ukituma kwa WhatsApp tuma kama dokyumenti, ukituma kama picha inapunguzwa ubora na mchapishaji atapokea kitu cha ukungu.

Fonti mbili, moja ya kichwa na moja ya maelezo. Lato au Open Sans kwa maelezo zitakufikisha mbali. Zile za kujikunja-kunja ziache kwa kadi za mialiko, maana maneno yetu ni marefu: jaribu kuandika "Tulipomsindikiza" kwa fonti ya mikia uone inavyovuka ukurasa. Kwa sababu hiyo hiyo panga maelezo yaanzie kushoto na kulia yaishie yanapoishia. Ukiyalazimisha yawe sawa pande zote mbili, Kiswahili kinaacha matundu katikati ya mistari.

Nimeolewa Machame. Wifi ameona kurasa zangu akasema ni kavu, za ofisini. Nimeumia kidogo. – Kaloleni, Arusha

Wifi ana nusu ya haki. Hakuna aliyesema urudishe vipepeo, lakini ukurasa mweupe wenye picha moja na tarehe iliyoandikwa kwa fonti ya barua za kikazi kweli unakuwa mkavu. Unachokosa ni alama ya mkono wa mtu. Mpe bibi karatasi nyeupe na kalamu nyeusi aandike jina la mjukuu kwa mwandiko wake, hata kama unatetemeka. Ipige picha dirishani, ondoa weupe, weka hayo maandishi kuwa kichwa cha ukurasa. Mtoto wa darasa la kwanza naye anafaa sana, hasa akikosea herufi.

Ukitaka pambo, liwe moja na liwe la kwenu. Machame masale, ile mimea ya majani marefu (mmoja ni isale), yapo kila mpaka wa kihamba, yaani shamba la nyumbani. Kata jani moja, lilaze kwenye karatasi nyeupe, lipige picha kwa juu, ulisimamishe ukingoni mwa ukurasa wa kwanza na wa mwisho peke yake. Kwa Wachagga isale ni jani la amani na la kuombana radhi, wifi atalisoma bila kuelezwa. Na yeye mwenyewe mwombe akuandikie maelezo ya ukurasa mmoja. Nadhani ndilo alilokuwa anataka.

Baba alifariki, alikuwa mkulima wa kahawa Kibosho. Tuna picha mbili za ujana wake: ya pasipoti, na ya studio iliyoshika ukungu ndani ya albamu ya nailoni. Nataka ukurasa wa heshima usio na mishumaa wala njiwa. – Pasua, Moshi

Pole sana. Mishumaa na njiwa umeshaviondoa mwenyewe, kwa hiyo kazi kubwa umeimaliza.

Picha ya pasipoti iskani kwa nukta 600 kwa inchi. Ukiichapisha kwa 300 itakuwa kubwa mara mbili ya ilivyo, upana na urefu, bila kuharibika. Usiivute zaidi ya hapo. Iache ndogo, katikati ya ukurasa mweupe mzima. Watu wanaogopa hilo, wanadhani picha ndogo ni dharau, lakini jicho likikosa pengine pa kwenda litakaa usoni kwa mzee.

Ya studio usiibandue. Zile kurasa zenye gundi huondoka na uso wa picha. Usiipanguse kwa kitambaa chenye maji pia. Ipeleke ilivyo na albamu yake karibu na dirisha, kivulini, zima flashi, inua nailoni kama inainuka bila kuvuta, simu iwe sambamba na picha, upige mara kadhaa ukibadilisha upande mpaka mng'ao upotee. Ukungu wa pembeni unaweza kuukata. Ulioko kwenye koti uache. Nakusihi usipitishe sura yake kwenye programu za akili bandia zinazojidai kurudisha picha za zamani. Mahali palipofutika zinabuni, na zitakurudishia kijana msafi mwenye macho ya mtu mwingine. Wajukuu ambao hawakumwona, huyo ndiye watakayemjua.

Kama picha ya pasipoti haijabandikwa mahali, igeuze. Nyuma ya picha za zamani mara nyingi kuna muhuri wa studio au tarehe ya kalamu, na hiyo iskani pia, inafaa ukurasa wa pili. Kama mlihifadhi karatasi zake za mauzo ya kahawa za chama cha msingi, moja iliyoandikwa jina lake na kilo inamweleza kuliko maua yote. KNCU, chama kikuu cha ushirika wa kahawa Kilimanjaro, kilianzishwa 1933, na familia nyingi za mlimani zina karatasi za namna hiyo chini ya magodoro. Chagua moja, siyo zote.

Maneno yawe machache. Wasifu wake ulishasomwa msibani, una shule, kazi na idadi ya wajukuu. Hapa weka sentensi moja aliyozoea kuisema, kwa Kichagga kama aliisema kwa Kichagga, bila tafsiri.

Nilichapisha ikatoka nyeusi kuliko kwenye simu, na maneno ya pembeni yakakatwa. – Usa River

Skrini inatoa mwanga, karatasi haina taa. Punguza mwanga wa simu hadi nusu ndipo uamue kama picha ina giza, na za usiku ziongezee mwanga kidogo kuliko unavyodhani zinahitaji. Kuhusu kukatwa, wachapishaji wengi hupunguza karibu milimita 3 kila upande, muulize wako kabla. Ukiwa umeacha ile inchi tupu niliyomwambia mama mapacha, hakuna neno litakalofikiwa na kisu. Na kabla hujalipia albamu nzima, chapisha ukurasa mmoja wa majaribio, uwe ule wenye picha ya usiku.