Maboksi Chini ya Kitanda: Majibu kwa Wanaojichapishia Vitabu

Maswali ya mwezi huu ni mengi kuliko nafasi. Yale ya "nianzie wapi" nimeyaweka kando. Anzia kwa kumaliza muswada, halafu niandikie.

Nimeshapata ISBN. Kwa hiyo sasa hakuna anayeweza kuniibia kazi yangu, sivyo? (Kijana, Tabata)

Sivyo, na hili nimelijibu hapa mpaka naona aibu kwa niaba yenu. ISBN, yaani namba ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu, ni kama namba ya gari: gari linajulikana kwayo, lakini mwizi haimzuii. Tanzania hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, Kenya hutolewa na KNLS, yaani huduma yao ya maktaba ya taifa, na tangu 2007 ina tarakimu 13. Kazi yake ni kumwezesha muuza vitabu na mkutubi kujua ni kitabu kipi na toleo lipi, ndiyo maana cha karatasi na cha kielektroniki kila kimoja huwa na namba yake.

Hakimiliki ni habari nyingine. Kwa sheria yetu ya 1999 unayo tangu ulipoandika, hudumu uhai wako wote na miaka 50 baada ya wewe kuzikwa. Kuandikisha kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kunakupa ushahidi siku ya ugomvi, kwa hiyo nenda kaandikishe. Na kama kuna mtu kakupa ISBN "ya ofa" pamoja na kazi ya uchapaji, kaangalie imeandikishwa kwa jina la nani. Nimekutana na mwandishi ambaye mchapishaji wake kwenye kumbukumbu ni mwenye stesheneri.

Kuchapa kitabu ni shilingi ngapi? (Wengi mno)

Kitabu gani? Kurasa ngapi, ukubwa gani, karatasi ya gramu 70 au 80, ndani kuna picha za rangi au hakuna, kinabanwa kwa pini au kwa gundi, nakala ngapi? Ukimpigia fundi nguo ukamuuliza "gauni shilingi ngapi" atakata simu. Mimi ni mpole, nimejibu.

Shikamoo mzee. Nimekopa milioni 4.5 kwenye SACCOS ya walimu. Kiwandani wananiambia nikichapa nakala 1,000 bei ya kila nakala itashuka sana. Nikubali? (Mwalimu, Njombe)

Marahaba, mwalimu. Usikubali.

Hawakudanganyi. Kwenye ofseti, yaani mashine inayochapa kwa sahani za chuma zenye kurasa zako, gharama kubwa ni kutengeneza sahani hizo na kuitega mashine, nayo ni ileile uchape nakala 200 au 2,000, hivyo kadiri unavyoongeza nakala ndivyo inavyogawanyika. Mashine ya dijitali haina sahani. Nakala ya kwanza na ya mia bei yake moja. Tatizo ni kwamba hesabu ya mchapaji inaishia mlangoni kwake, na yako ndiyo kwanza inaanzia hapo.

Chukua kalamu. Tuseme nakala 1,000 ni sh 4,500 kila moja: milioni yako 4.5 yote imekwenda. Tuseme nakala 100 za dijitali ni sh 8,000 kila moja: laki nane. Kitabu unakiuza sh 15,000. Kwa njia ya kwanza lazima uuze nakala 300 mkono kwa mkono ndipo urudishe mkopo, bila riba, bila nauli, bila soda ya mtu aliyekusaidia kubeba. Kwa njia ya pili ukiuza 54 umerudisha gharama yote. Bei za kiwanda chako zitatofautiana na hizi, lakini swali litabaki lilelile: hao 300 ni akina nani? Sisemi "Watanzania wanaopenda kusoma". Nasema majina. Chukua daftari, andika jina na namba ya simu ya kila mtu ambaye unaamini atatoa elfu kumi na tano yake. Ukifika 60 ukaanza kuandika majina ya watoto wa dada yako, basi umeshajua idadi yako. Chapa hiyo. Zikiisha, rudi kiwandani. Mashine haziendi popote.

Nasema hivi kwa sababu mimi nilichapa hizo 1,000. Tarehe ya uzinduzi nilikuwa nimeitangaza, kadi zimeshatoka, kwa hiyo kiwanda kiliponiita nikakague nakala ya mfano nikawaambia endeleeni tu. Sasa, kitabu cha ofseti hufungwa kwa mafungu, mara nyingi ya kurasa 16. Fungu la ukurasa wa 65 hadi 80 likaingia mara mbili, la 81 hadi 96 halikuingia kabisa. Katika lile la kwanza Zuhura anafariki. Katika lile lililokosekana anazikwa. Shangazi yangu alinipigia usiku: "Mwanangu, huyu binti amekufa mara mbili na bado hamjamzika, mnamsubiri nani?" Nilinyanyua kitanda kwa matofali ili maboksi yaenee chini yake. Masika ya pili mchwa walianza na boksi la ukutani.

Nakala ya mfano ifungue ukurasa mmoja mmoja mpaka mwisho, kisha weka sahihi. Hata kama mgeni rasmi yuko njiani.

Mke wangu ni mwalimu wa Kiswahili na ameupitia muswada wote. Bado nahitaji mhariri? (Morogoro)

Ndiyo. Msalimie shemeji, na umwambie simdharau. Kupitia tahajia ni kazi moja, kuhariri ni kazi nyingine. Nani katika nyumba yako atakwambia sura tatu za mwanzo zitupwe?

Juzi nimesoma riwaya ya kujichapishia, jalada linang'aa, limelipiwa vizuri. Ukurasa wa kwanza: "Alifungua mlango akaingia ndani ya chumba na kukaa kwenye kiti kilichokuwamo ndani ya chumba hicho." Mhariri angebakiza "Aliingia, akakaa." Sura ya pili shujaa anashuka kwenye basi la Mwanza kituo cha Ubungo, mwaka ni 2023, wakati mabasi ya mikoani yalikwishahamia Mbezi Luis tangu 2021. Msomaji wa Mwanza hapo hapo anafunga kitabu. Yeye ndiye anayepanda basi hilo. Mwandishi huyo alipotajiwa bei na mhariri akasema ni ghali, kisha akalipa zaidi ya hiyo kukodi ukumbi. Mnanichosha.

Nataka mheshimiwa awe mgeni rasmi kwenye uzinduzi ili achangie. Nimwandikie barua vipi? (Dodoma)

Barua ataandika katibu muhtasi wako. Mimi nizungumzie huo mchango. Uzinduzi wetu umekuwa harusi isiyo na bibi harusi. Kadi za mchango, MC, keki yenye picha ya jalada, na ahadi: "Mimi nanunua nakala ya kwanza kwa milioni moja!" Makofi. Jumatatu unapiga simu, haipokelewi. Ahadi siyo fedha, na keki uliilipia taslimu.

Kama lazima uzindue, fanya jambo dogo: ukumbi wa bure wa maktaba au shule, soma kurasa mbili, nyamaza. Meza ya vitabu ikae mlangoni, watu waione wakiingia na wakitoka. Ukiiweka nyuma ya jukwaa hakuna atakayeifuata. Bandika Lipa Namba kubwa, isomeke kwa mbali. Uwe na chenji. Anayenunua aandike jina na simu yake kwenye daftari. Daftari hilo ndilo litakalokulipia kitabu cha pili, mheshimiwa atakuwa ameshahamishiwa wizara nyingine.

Kuna wafadhili wa kugharamia vitabu? (Kigoma, Arusha, na dada mmoja wa Bukoba)

Wapo wachache, na wengi hawajaja kwa ajili yako. Zipo tuzo. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilitolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023, mshindi wa kwanza hupata milioni 10. Ipo pia ile ya fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, sasa Safal-Cornell. Soma masharti kabla hujakimbilia kiwandani, maana ukishachapa unaweza kuwa umejifungia mlango mwenyewe.

Njia ninayoiamini ni oda ya awali: unatangaza kitabu, mtu analipa leo, anapokea baada ya wiki sita, na fedha zake ndizo zinazochapa. Sharti ni moja, wiki sita ziwe wiki sita. Ukila fedha za oda, mjini hapa watu wanajuana.

Ila jihadhari na "mchapishaji" anayekuomba milioni tano ili "akutoe". Tuelewane maneno: mchapaji ana mashine, mchapishaji anabeba hasara. Anayekutoza wewe gharama zote na bado anachukua haki za kazi yako hajabeba kitu. Mlipe kama fundi, kwa risiti, na haki zibaki kwako kwa maandishi.

Nipo Muscat, naandika riwaya kwa Kiingereza. Amazon wanasema mwandishi anapata asilimia 70. Kuna mtego? (Mtanzania, Oman)

Mtego haupo, yapo masharti ambayo watu hawasomi. Hiyo 70 ni kwa kitabu cha kielektroniki chenye bei kati ya dola 2.99 na 9.99, nje ya hapo ni 35. Tena inategemea mnunuzi yuko nchi gani: msomaji aliye Tanzania au Kenya hayumo kwenye orodha ya nchi za asilimia 70, kwa hiyo ndugu zako wakikuunga mkono unapata 35. Juu ya hapo Marekani hukata kodi ya asilimia 30 kwa mapato ya mauzo ya huko kama nchi unayolipia kodi haina mkataba nao, na Oman na Tanzania zote hazina. Kitabu cha dola 4.99 kinakuachia karibu dola 2.44, kabla ya ada ndogo ya kusafirisha faili. Bado si haba. Waliopo ughaibuni ndio wanunuzi wako.

Riwaya yangu niiingizeje mashuleni? (Mwanza)

Vitabu vya kiada visahau. Cha ziada kinapelekwa Taasisi ya Elimu kupata ithibati. Kenya ni KICD, taasisi yao ya mitaala. Kama sura ya nne ni ya gesti, usijisumbue. Na usimpe mwalimu mkuu "asante" awauzie watoto kwa lazima.

Naandika simulizi WhatsApp. Sehemu kumi za mwanzo bure, mwendelezo sh 1,000. Nina wateja 400 hivi, lakini kila simulizi ikiisha mtu anaivujisha yote kwa PDF. Wenzangu wanasema mimi si mwandishi wa kweli, nichape kitabu. (Binti, Mbeya)

Mwanangu, una wateja 400 wanaolipa. Waliokucheka wana maboksi. Nani amwombe nani ushauri?

Unachofanya si kigeni. Hadithi za kuendelea zilikuwa kwenye magazeti yetu kabla hujazaliwa, watu wakinunua gazeti kwa ajili ya ukurasa ule tu. Na kujichapishia si aibu ya leo: mwandishi Mkenya David Maillu alianzisha Comb Books yake Nairobi miaka ya 1970, na mwandishi wetu wa riwaya Ben Mtobwa alikuwa na Heko Publishers hapa Dar. Walijua msomaji wao anapanda daladala gani.

Kuhusu PDF: usitume faili zima. Tuma sehemu kwa sehemu, na kila ukurasa uwe na namba ya simu ya mnunuzi imepita katikati kwa rangi hafifu. Mtu anaona uvivu kusambaza kitu chenye namba yake. Bado itavuja. Ikivuja, usiingie kwenye magrupu kulaani watu. Weka mstari mwishoni wenye namba yako ya malipo, useme aliyeipata bure na akaipenda anaweza kutuma chochote. Utashangaa wangapi hutuma.

Kitabu cha karatasi chapa ukitaka, kwa oda, nakala 50, kwa wale wanaotaka kukishika. Vitume kwa basi, nauli ya kifurushi alipe mpokeaji. Na hao 400 uwahifadhi kwenye daftari la karatasi vilevile. Simu huibiwa, na grupu lake huondoka nayo.

Niliacha nakala 20 dukani tangu mwaka jana. Kila nikienda naambiwa bosi hayupo. (Tanga)

Uliacha mali kauli, wauze ndipo wakulipe, bila karatasi, siyo? Wakati mwingine andika hati ya makabidhiano: nakala ngapi, bei, duka linachukua asilimia ngapi (30 hadi 40 ni kawaida, usilie), malipo lini, na sahihi ya aliyepokea. Kwa hizi 20, usiende tena kumuulizia bosi. Nenda asubuhi duka likifunguliwa, simama kwenye rafu, zihesabu mwenyewe mbele ya muuzaji. Zilizopo ziweke kwenye mfuko, zilizopungua ziandike kwenye karatasi mbili, moja ubaki nayo, moja umwachie. Sema bosi akija akupigie. Halafu vuka barabara, uziuze hizo za mfukoni kwa wanaosubiri daladala.