Mkaja, kilemba, ubeleko: navyo ni mahari?

SWALI: Tulipeleka posa ya kijana wetu Tanga. Mshenga akarudi na majibu ya maandishi: kishika uchumba, mkaja wa mama, kilemba cha baba, ubeleko, halafu mahari. Vijana wanasema yote ni mahari, tujumlishe tu. Tena mzee wetu mmoja alinikemea niliposema "kulipa mahari". Nimekosea wapi?

JIBU: Msijumlishe. Mahari ni ya binti. Kwa Waislamu ni haki yake mwenyewe, baba hana fungu humo. Hivyo vingine ni ada, na ada kila moja ina mwenyewe.

Tazama mkaja. Ni kile kitambaa anachojifunga mzazi tumboni akishajifungua, tumbo lirudi. Kwa hiyo mkaja wa mama ni shukrani ya uchungu alioupata akimzaa huyo mnayemposa. Ubeleko, ambao wengine huuita mbeleko, ni nguo ya kubebea mtoto mgongoni. Umetokana na kitenzi beleka. Siku hizi vyote huja vikiwa noti ndani ya bahasha, na bado huitwa kwa majina ya nguo. Mshenga anayejua kazi yake hutia na doti ya kanga juu ya bahasha, mama asije akanung'unika kwamba kaletewa karatasi.

Kilemba nacho hakianzi wala kuishia kwenye harusi. Hata mwanafunzi akihitimu ufundi humpa fundi wake kilemba. Anayevishwa ni aliyelea akamaliza, ndiyo maana msishangae mjomba naye akidai chake.

Kishika uchumba kiandikwe maneno mawili, kama kifungua mimba na kiinua mgongo.

Kuhusu "kulipa", mzee wenu ana hoja ila amekaza kamba mno. Bei hulipwa, deni hulipwa, na binti hana bei. Kwa hiyo siku ya kwenda kwao semeni mnatoa au mnapeleka mahari. Lakini mkikubaliana sehemu yake iahirishwe, hilo limeshakuwa deni la mume, na deni hulipwa. Wala asiwatishe mtu kwamba bila mahari hakuna ndoa: kwa Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, ndoa haibatiliki kwa sababu mila ya mahari haikutimizwa.

Mkijibu barua, mahari ipeni mstari wake peke yake, na vile vinne viandikeni chini ya neno "ada".