Kuja Uingereza kutunza wazee, na kama siasa zao zinatuhusu

Mkuu, umeuliza kama mdogo wako bado anaweza kuja Uingereza kutunza wazee, na kama siasa za huku zinatuhusu sisi wageni.

La kwanza ni fupi: njia imefungwa. Tangu tarehe 22 Julai 2025 waajiri hawaruhusiwi kuleta watunzaji wapya kutoka nje. Wakala anayemdai hela ya viza hiyo ni tapeli, asitoe hata senti.

La pili linaniuma. Tangu Machi 2024 watunzaji wapya walizuiwa kuja na wenza wala watoto. Kazini kwetu kuna dada wa Tanga. Zamu ya usiku, ikifika saa kumi alfajiri, anatumia mapumziko yake kumpigia mwanawe simu ya video amwone akivaa sare za shule. Akimaliza anarudi kuwageuza wazee kitandani wasipate vidonda. Halafu mwanasiasa anasimama kwenye televisheni anatuita mzigo! Sikubali, na nyumba za wazee za huku zinajua nani anakesha.

Sasa wengi hawajui hili: raia wa Jumuiya ya Madola anayeishi hapa kihalali ana haki ya kupiga kura, hata ya ubunge. Watanzania na Wakenya tumo. Barua ya halmashauri ya kuandikisha wapiga kura ikija, watu wanaitupa pamoja na matangazo ya piza. Waambie ndugu zako walioko huku wajiandikishe mtandaoni, ni bure, na siku ya kura pasipoti ya Tanzania inakubalika kama kitambulisho.