Zahanati isifungwe kimyakimya

Dadangu, umeuliza kama mna la kufanya zahanati ya kijiji chenu huko kisiwani Pate, Lamu, ikitaka kufungwa. Mnalo. Kwa Katiba ya Kenya ya 2010 zahanati ni kazi ya kaunti, na bunge la kaunti ndilo linaloisimamia serikali yake. Andikeni ombi, kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 chawapa haki hiyo. Mpelekeeni karani wa bunge, na nakala yenu igongwe muhuri. Kamati ya afya ikiwaita, msiende na hasira tupu. Nendeni na yule mama uliyemtaja, aliyejifungua mashuani usiku wa kusi. Aeleze mawimbi, nauli aliyotozwa, na nani alimshikia taa. Wallahi, huyo hawatamkatiza.