Je, chumvi hufukuza vyura?

SWALI: Shikamoo daktari. Naishi Kaole, Bagamoyo. Masika haya vyura wamejaa uani, usiku hatulali kwa kelele, na nyuma ya nyumba kuna dimbwi lisilokauka. Jirani amenishauri nimwage chumvi ya mawe kuzunguka nyumba na kwenye dimbwi, eti watahama. Ni kweli? Na kama chumvi inawadhuru, mbona upande wa mikoko nako nawasikia wakilia mvua ikinyesha?

JIBU: Marahaba mwanangu. Jirani yako ana nusu ya ukweli. Chumvi humdhuru chura, lakini si kitu anachokinusa kwa mbali akageuza njia. Huitambua akishaikanyaga, kwa ngozi, na wakati huo imeshaanza kumuumiza.

Chura hanywi maji kwa mdomo. Huyafyonza kwa ngozi, hasa ile laini ya chini ya tumbo na mapajani. Ndiyo maana unamkuta amejibandika kwenye sakafu mbichi ya bafu. Ngozi hiyo inayoingiza maji huyatoa pia, na maji siku zote huvutwa kule kwenye chumvi nyingi. Uchumvi wa mwili wa chura ni sawa na gramu 6 hadi 7 za chumvi kwa lita moja. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi. Akiwa kwenye maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, maji humwingia muda wote, naye huyatoa kwa mkojo mwingi mwepesi. Mtumbukize baharini, kila kitu kinageuka: maji yanamtoka, chumvi inamwingia, na mishipa ya fahamu na moyo vinaanza kuvurugika. Ni kama samaki anavyopigwa chumvi ili awe ng'onda, ila huyu anafanyiwa hivyo akiwa hai. Kasa ana tezi karibu na macho za kutolea chumvi iliyozidi. Chura hana, na figo zake haziwezi kutengeneza mkojo wenye chumvi kuliko damu yake.

Tupige hesabu ya dimbwi lako. Tuseme lina lita 100. Kilo moja tu ya chumvi inakupa gramu 10 kwa lita, yaani tayari umepita kiwango cha mwili wa chura. Mkubwa ataruka aende zake, pengine hadi kwenye ndoo zako za maji. Mayai na viluwiluwi hawana pa kwenda, nao ndio dhaifu zaidi. Wengi huathirika hata kabla ya kufika kiwango hicho.

Hapo ndipo ninapoupinga ushauri huo moja kwa moja. Pwani yetu ina mbu aitwaye Anopheles merus, mmoja wa wanaoeneza malaria, ambaye mabuu yake huishi bila shida kwenye maji ya chumvichumvi. Utaua viluwiluwi wa chura, kisha umwachie mbu huyo dimbwi. Tena kama udongo wako ni wa kichanga, chumvi hiyo itashuka na mvua kuelekea kisimani, na migomba na mchicha havitakushukuru.

Sasa mikoko. Wale unaowasikia hawaogelei kwenye maji ya bahari. Mvua kubwa hujaza vidimbwi vya nchi kavu pembeni ya mikoko, huizimua chumvi iliyokuwamo, na vyura huwahi kutaga humo. Yupo chura mmoja anayeishi kweli kwenye mikoko, Fejervarya cancrivora, lakini huyo ni wa Asia ya Kusini-Mashariki na hula hata kaa. Hujilimbikizia yurea, ile taka ya mkojo, mwilini mpaka maji yasipate sababu ya kumtoka. Papa hutumia mbinu hiyohiyo, na ndiyo sababu nyama yake ikichelewa kutiwa chumvi hunuka mkojo.

Kwa nyumba yako, fukia dimbwi au lichimbie mfereji. Wanaolia ni madume yanayoita majike kuja kutaga. Pasipo maji hawakusanyiki. Zima taa ya nje mapema, kwa sababu wadudu wanaoifuata ndio chakula chao. Ondoa matofali, vifuu na mabati yaliyolala chini, funika ndoo, ziba uwazi chini ya mlango wa bafu. Atakayebaki mchukue kwa mkono uliolowa au mfuko wa plastiki, umpeleke mbali, kisha unawe kwa sabuni, maana chura wenye chunjua mgongoni hutoa ute unaochoma macho.

Na kama chumvi umeshaimwaga, izoe kabla haijanyeshewa. Ukimkuta chura imemganda mgongoni, mmiminie maji baridi mengi, umwache kivulini.