Wadogo zangu wa rola, rangi haichaguliwi dukani

Wiki hii tena kijana kamaliza sebule nzima, mteja kaingia kasema hii sio niliyochagua. Nyie mnaoanza nawapenda sana ila mnanichosha, kila anayeingia kwenye hii kazi analeta kosa lilelile.

1. Kadi ya sampuli za rangi ya dukani inadanganya. Kale kapande kadogo ukikapeleka kwenye kuta nne kanakolea, maana kuta zinarushiana rangi zenyewe kwa zenyewe. Mteja akipenda namba fulani ya rangi, mjaribishie na iliyopauka zaidi kwenye kadi hiyohiyo.

2. Picha ya simu ndo hatari kabisa. Kuna mama mmoja Mbezi alimuonyesha kijana wetu picha ya sebule ya kijivu, dogo mbio dukani, wakamchanganyia kwa mashine ndoo mbili za lita 20, hakujaribu hata pembeni ya ukuta, siku hiyohiyo kapiga mkono wa kwanza na wa pili, yaani kapaka ukuta wote mara mbili. Jioni taa zikawashwa, zile LED nyeupe, na chini kuna tailizi za krimu, ile kijivu ikageuka bluu kabisa, sebule yote bluu. Yule mama hakugomba, alikaa tu kwenye kochi lililofunikwa turubai akauliza, "mwanangu, hii itakauka iwe kijivu?" Dogo akakosa jibu. Na rangi ikishachanganywa duka halirudishi, hela ya ndoo mpya ilitoka kwenye ufundi wake na hiyo kazi akaondoka mikono mitupu. Iliniuma, kwasababu kijana mkono wake ni mzuri, kingo zake zimenyooka, kilichomponza ni haraka tu. Kijivu karibu zote zina bluu, zambarau au kijani ndani yake, na ukiiweka jirani na krimu ile bluu ndo inajitokeza.

3. Uliza taa kabla ya rangi. Boksi la balbu limeandikwa, 3000K ni ya njano, 6500K ni nyeupe inayovuta kwenye bluu.

4. Angalia dirisha. Hapa Dar jua la Juni linapita kaskazini, la Desemba kusini, na chumba cha magharibi jioni kinakuwa cha chungwa. Halafu kuna miti, nyumba moja bosi alilalamika krimu ya chumbani ina ukijani, tukabishana na duka weee, kumbe ni mwembe nje ya dirisha jua likiupiga.

5. Ndoo mbili za namba ileile zichanganye pamoja kwanza kabla hujapaka.

6. Tafuta kipande cha jipsam bodi, kipige prima, ile rangi ya msingi, halafu mikono miwili ya rangi yenyewe, kikauke kabisa maana rangi ya maji ikikauka hukolea, mwachie mteja akisogeze kila ukuta asubuhi, mchana na usiku. Akiamua, andika nyuma yake namba, chumba, na kama ni mati, ile isiyong'aa, au silki, maana namba ileile kwenye silki inang'aa na kuonekana nyingine. Hapo ndo uchukue bodaboda uende dukani.