Usimuulize Mwalimu "Anaendeleaje?"

Mzazi mwenzangu uliyempeleka mtoto yuniti ya mahitaji maalum muhula huu, nianze na hili: swali la "anaendeleaje?" halikupi kitu. Utajibiwa "anaendelea vizuri, mama", na utarudi nyumbani kama ulivyokwenda. Mwalimu hakudanganyi. Ana darasa zima la watoto ambao hakuna wawili wanaofanana, huyu ana usonji, yule mtindio wa ubongo, yule kifafa, na wewe umemkuta saa saba mchana anatafuta kiatu cha mtoto aliyevua na kukitupa.

Uliza jambo moja la kuonekana kwa macho. "Leo ameomba maji mwenyewe, au amekumbushwa?" "Wakati wa chai alikaa na wenzake?" Maswali hayo hayajibiki kwa "vizuri". Na mwalimu akishajua kwamba mama fulani ataulizia maji, ataanza kuangalia nani anaomba maji.

Mwalimu wa mwanangu aliwahi kuniandikia: "Sasa anafunga vifungo vya shati peke yake." Nyumbani, Ijumaa, tumempa kanzu avae, hata kifungo kimoja hakuweza. Jamaa zangu wakasema mwalimu anatia chumvi. Jumatatu nikaenda na kanzu yenyewe. Aliitandaza mezani, akaitazama, akacheka. Vifungo vya shati la shule ni vikubwa, na mtoto akiinamisha kichwa anaviona. Vya kanzu ni vidogo, viko kooni, haoni hata kimoja. Kwake hiyo ni kazi nyingine kabisa. Kisha akanionyesha anavyomfundisha: yeye hufunga vyote, cha mwisho hukipitisha nusu kwenye tundu, na mtoto hukivuta kikaingia. Akishakimudu hicho anaachiwa viwili, halafu vitatu, ili kila mara mtoto awe ndiye anayemaliza. Tukakubaliana kanzu nimfundishe mimi, mbele ya kioo, kwa mtindo uleule. Mambo mengi ya watoto wetu yako hivyo: alichokijua darasani hakihamii nyumbani chenyewe, na asipokifanya nyumbani haina maana hakijui.

Kwa hiyo wekeni daftari dogo linalokaa ndani ya mkoba wa mtoto. Usimtake mwalimu aandike barua. Sisi tunatumia herufi: P amefanya peke yake, M ameshikwa mkono, K amekataa. Mistari miwili mitatu inatosha. Nawe jaza upande wako asubuhi: amelala saa ngapi, amekula nini, kuna mgeni nyumbani. Walimu wengi wa hapa Lamu wametoka bara. Hawawezi kujua kwamba jana ilikuwa Maulidi na mtoto amerudi usiku wa manane, au kwamba Ramadhani anaamka daku na watu wazima hata kama hafungi. Wataona tu mtoto kalala juu ya dawati saa tatu asubuhi, waandike "hana bidii". Dawa ya kifafa haingoji daftari: ikibadilishwa kipimo au ikikosekana, mwambie mwalimu asubuhi ileile, kwa mdomo.

Simu ni ya dharura na ya kuomba miadi. Usitume ujumbe wa sauti mrefu saa tatu usiku, mwalimu naye ana watoto. Na kundi la wazazi kwenye WhatsApp si mahali pa kumjadili mtoto, awe wako au wa mwenzio.

Siku utakapoambiwa "mwanao amempiga mwenzake" ndiyo siku ngumu. Kabla hujamtetea wala kumkaripia, uliza matatu: ilikuwa saa ngapi, kabla yake kulikuwa na nini, na baada yake alifanywa nini. Hili la tatu watu hulisahau. Mtoto aliyemfinya jirani akatolewa nje, na nje ndiko alikotaka kwenda tangu mwanzo, kesho atafinya tena. Kwa mwanangu tuliandika saa kwenye daftari mpaka ikaonekana kwamba ni karibu na kengele. Kengele yenyewe ni ringi ya gari inayogongwa kwa chuma (kisiwa chenye magari ya kuhesabika, lakini ringi tunazo), na alikuwa akimwona tu mwanafunzi anayekwenda kuigonga anaanza kufinya. Siku hizi anaambiwa mapema, anaziba masikio, basi.

Ripoti ya muhula isomeni pamoja. Uliza kwanza mwanao yuko njia gani. Wako watoto wanaofuata gredi kama wenzao huku wakirekebishiwa masomo, hao hufika mtihani wa KPSEA, ule wa Gredi ya 6. Wako wanaofuata ngazi, kuanzia ya msingi, ya kati, kisha maandalizi ya ufundi na ufundi wenyewe, na kwao mtihani wa ngazi ya kati ni KILEA. Ukimpima mtoto wa ngazi kwa gredi ya binamu yake utalia bure. Kisha omba kuuona mpango wake binafsi wa masomo. Ukikuta lengo kama "aboreshe mawasiliano", mwombe mwalimu mliandike upya: "ataomba maji, chakula na choo kwa neno au kwa picha, bila kukumbushwa." Hilo mwisho wa muhula mnaweza kusema limefikiwa au halikufikiwa.

Karatasi ya kituo cha tathmini, EARC, toa nakala kadhaa, ile halisi ikae nyumbani. Ukivuka kwenda Mokowe, ng'ambo ya bara, kwa shughuli za ofisi, itie kwenye faili la plastiki, bahari ya kusi haina heshima kwa karatasi. Uliza pia tathmini irudiwe lini, maana mtoto wa miaka kumi si yule wa miaka mitano.

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 54, inampa mwanao haki ya kuingia shule. Ijue, ila usiingie nayo ofisini siku ya kwanza. Na akina baba msingoje kwenda shule siku ya ugomvi tu. Mwalimu aliyekwisha kunywa chai na baba wa mtoto huzungumza naye kwa namna nyingine kabisa.

Maalim wa madrasa msimwache nje. Ikiwa shuleni mtoto anaonyesha picha akitaka choo, maalim awe na picha ileile. Ukimwendea kwa heshima na mapema, si mbele ya wanafunzi, hakatai.

Mwisho wa mwaka walimu huhamishwa, na wewe huambiwi. Kaa na wa sasa muandike ukurasa mmoja kabla shule hazijafungwa: anaombaje, nini humtuliza, sauti gani humtisha, anatumia dawa gani na saa ngapi, amefika kifungo cha ngapi cha shati. Mpe mwalimu mpya kabla muhula haujaanza, maana siku ya kufungua shule hana nafasi ya kusoma chochote.